Mama Ramani na Ngazi ya Jiwe Linalopumua

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo, na aliye jikoni asogee mlangoni. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeujua mji huu wa bahari kuliko wanaoutawala. Mtaani aliitwa Mama Ramani. Kwa miaka ishirini na miwili alifagia barabara za mji huu. Baadaye akawatembeza watu sehemu ambazo hazimo kwenye mabango ya utalii. Alifariki miezi mitano iliyopita. Alianguka kwenye ngazi, asubuhi kweupe, mbele ya watu sita aliokuwa akiwatembeza.

Ameacha mume, ambaye ni fundi mwashi. Ameacha binti mmoja, muuguzi. Binti ndiye aliyetuandikia kuomba kipindi hiki, na aliomba jambo moja tu. Ofisi ya mji ilitoa ripoti kwamba mama yake alianguka kwa uzembe. Eti alivaa kandambili. Binti alitaka jina la mama yake lisafishwe hadharani.

Basi tukaenda kwao. Nyumba ina vyumba viwili na baraza ndogo ya saruji, imepigwa lipu laini kama sahani. Mume alikuwa ameketi kwenye baraza hiyo, jozi ya viatu mapajani. Viatu vya raba, vya kufunga kamba, soli nene. Kabla hata ya kutukaribisha alituonyesha soli.

"Hizi ni kandambili?" akatuuliza. "Nyie mna macho. Hizi ni kandambili?"

Hazikuwa kandambili, wasikilizaji wapendwa. Vilikuwa viatu.

Fundi huyu hakusoma sana. Aliacha shule darasa la nne. Anasoma gazeti kwa kidole, mstari kwa mstari. Lakini ripoti ile ya kurasa tatu ameikariri yote, na kila akifika kwenye neno "uzembe" hutema mate pembeni.

Alikutana na marehemu kazini, wote wawili wakiwa vijana. Yeye alikuwa akipiga lipu ukuta wa soko. Msichana mmoja akaja anafagia, hatazami, vumbi lote likaganda kwenye lipu mbichi.

"Nikamwambia, dada, unaniharibia kazi," fundi anakumbuka. "Akanijibu, kaka, wewe ndiye umenimwagia kazi hapa chini. Tukabishana mpaka saa sita. Kesho yake nikapiga lipu ukuta uleule, na haukuhitaji."

Mdogo wa marehemu, yaani shemeji yake fundi, alikuwepo siku hiyo. Akaangua kicheko. "Dada aliniambia yule fundi ana lipu nzuri ila maneno yake yana kokoto."

Unapofagia mji miaka ishirini na miwili, unaujua kwa mgongo na magoti. Mama Ramani alijua kiwanda cha barafu cha zamani, kilichofungwa, ambacho ukipanda juu ya paa lake unaiona bandari nzima bila kusukumana na mtu. Alijua kibanda cha kupimia maji ya bahari. Ndani mna kisima chenye namba zilizopakwa rangi ukutani. Ukisimama pale kimya unaona bahari ikipanda namba moja baada ya nyingine, na hakuna wimbi hata moja. Alijua karakana ya nyuma ya ghala, ambako wazee wawili bado wanasokota kamba za meli kwa mkono, wanatembea kinyumenyume hatua mia.

Na alijua jiwe linalopumua. Hilo liko chini ya ukuta wa bahari. Ni jiwe lenye tundu, na maji yakijaa linavuta hewa na kutoa, kama mtu aliyelala. Watu wengi wa mji huu wamezaliwa na kuzeeka bila kulisikia.

Alianza kwa bahati tu. Wageni wawili walipotea, wakamuuliza njia. Akawaambia, "Nifuateni, nami naelekea huko." Hakuwa anaelekea huko. Alipostaafu ndiyo ikawa kazi. Watu sita au saba, si zaidi. Na alikuwa na sheria yake kwenye kila ngazi na kila paa. Yeye hutangulia. "Mimi kwanza," alikuwa akisema. "Nikipita salama, mje."

Wakubwa wa ofisi ya mji hawakumjua. Samahani, walimjua. Walivaa miwani ya mbao. Kila mwaka walichapisha kitabu cha vivutio, na kila mwaka kilikuwa na picha ileile ya hoteli ileile. Mama Ramani aliwaandikia kuhusu ngazi ya kushukia kwenye jiwe. Vipandio thelathini na kimoja, vingi vimelika. Aliandika mara tano, binti akimsaidia maneno. Hakujibiwa hata kwa dharau.

Halafu siku moja ikasikika kwamba mgeni mkubwa anakuja na anataka kuona vivutio visivyojulikana. Sasa ofisi nzima ikashikwa na homa. Ngazi itengenezwe. Kwa siku nne. Na fundi waliyemwita ni mume wa Mama Ramani, maana ndiye kibarua wao wa siku zote.

Hapa ndipo fundi alipokaa sana. Saa nzima, wasikilizaji wapendwa, kinasa sauti kikiwa kinazunguka.

"Nilihitaji mchanga wa mto," alisema. "Wakaniletea mchanga wa ufukweni. Lori zima. Nikamwambia msimamizi, mzee, huu una chumvi. Chumvi inakula nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani. Akaniambia, fundi, mgeni anakuja Alhamisi, si mwakani. Nikamwambia, basi nipeni maji baridi, yasiyo na chumvi, tuuoshe. Akaniambia gari la maji limeharibika. Unaona? Unawaona watu hawa? Mhandisi hakukanyaga pale hata siku moja. Alitia saini akiwa kwenye kiti. Na mke wangu akifa, wanaandika kandambili."

Shemeji akaitikia, "Mungu anawaona."

"Wacha awaone," fundi akasema. "Mimi nataka na watu wawaone."

Nasi tuliitikia. Tuseme ukweli, tulishafurahi. Tulikuwa na kipindi kikali mkononi, ofisi yote imekaangwa.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, sare ya kazini mwilini, hajaketi tangu tuingie. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Baba. Ule mchanga ulijuaje una chumvi?"

"Si nimesema. Ulitoka ufukweni."

"Uliuonja?"

Fundi akainamia viatu. Binti akatugeukia sisi. Alitueleza kwamba toka akiwa mdogo alimwona baba yake akifanya hivyo kwenye kila kazi. Anachota mchanga kidogo, anaugusisha ulimi, anatema. Ukiwa na chumvi anakunja vyombo na kuondoka. Aliwahi kukataa kujenga nyumba ya tajiri mmoja kwa sababu hiyo, wakala ugali mkavu wiki mbili, na mama akamsifu.

"Uliuonja, baba?"

"Niliuonja."

"Ukaondoka?"

"Sikuondoka."

Shemeji akajaribu kuingilia. "Mwanangu, muache baba yako, ana majonzi."

"Mama mdogo, hata mimi nina majonzi," binti akasema. "Baba, kwa nini hukuondoka?"

Hapo wasikilizaji wapendwa, yule mtu aliyekuwa akinguruma akaongea kama anayesoma gazeti kwa kidole. Neno moja moja. Alisema mke wake alikuwa ameililia ngazi ile miaka. Usiku wa kuamkia kazi alimpigia pasi shati, shati la kwenda kuchanganyia zege. Alifurahi kiasi hicho. Fundi akaona haya kurudi nyumbani mchana na mwiko mkononi, aseme ngazi yako nimeikataa. Akachanganya. Akazidisha saruji, akijidanganya kwamba saruji itafunika chumvi.

Mgeni mkubwa hakuja. Alibadilisha safari. Ngazi ikabaki.

Mwaka ukapita na miezi miwili. Siku moja, wakinywa chai, Mama Ramani akamwambia mumewe, "Kile kipandio cha tisa kinatoa unga mweupe. Na kuna mstari kama unywele. Ni nini?"

Fundi anaujua unga ule. Kila fundi anaujua. Ni chumvi inatoka nje, na mstari ni nondo inayovimba.

"Nikamwambia, hiyo ni chokaa," alituambia. "Zege jipya hutoa jasho. Nikamwambia, pita tu. Kikombe kiko mkononi. Wala sauti yangu haikutetemeka."

Wiki tatu baadaye kipandio cha tisa kilikatika. Mama Ramani alikuwa ametangulia, kama sheria yake. Waliokuwa nyuma yake hawakupata hata mkwaruzo.

Mmoja wao ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulimtafuta. Alituambia, "Tulikuwa tunaogopa, maana pale ni juu sana. Akatugeukia anacheka. Akasema, msiogope hii, kaijenga mume wangu."

Mwalimu huyo aliyasema maneno hayo msibani, kwa wema, akidhani anamfariji mfiwa. Fundi aliyasikia. Toka siku ile, alikiri kwetu, ndipo alipoanza kwenda ofisi ya mji kila wiki kupiga kelele. Na kelele zilimsaidia. Akiwa anapiga kelele hasikii kitu kingine.

Binti hakulia. Hakumkumbatia baba yake pia. Alikaa chini kwa mara ya kwanza, kwenye ukingo wa baraza, akampa mgongo. Halafu akauliza swali la kiuguzi, swali la mtu anayetaka kujua ugonjwa umefika wapi.

"Lori zima lilitumika kwenye ngazi ile tu?"

Fundi akatikisa kichwa. Kiasi kilibaki, na wakubwa hawakutaka kipotee bure. Walimwamuru ajenge jukwaa la kusimamia ndani ya kibanda cha kupimia maji, juu ya kisima. Na vipandio sita vya kupandia paa la kiwanda cha barafu. Mchanga uleule. Nondo zilezile. Watu wanasimama pale mpaka leo.

"Na umekaa nalo miezi mitano," binti akasema.

"Nilidhani nikisema, mama yako ataonekana mjinga. Kwamba alimwamini mtu wa hivi."

"Sasa hivi anaonekana mzembe, baba. Chagua."

Fundi aliviweka viatu chini. Akatuomba tuwashe kinasa sauti. Tukamwambia hakijazimwa. Akasema basi tuache kila kitu, tusikate hata neno. Hatukukata.

Kwa hiyo nayasema yaliyo muhimu, na nayasema polepole. Jukwaa la ndani ya kibanda cha kupimia maji, nyuma ya forodha: usisimame juu yake. Vipandio sita vya kiwanda cha barafu cha zamani: usivikanyage. Ngazi ya jiwe linalopumua: usishuke. Nasema tena. Jukwaa la kibanda, vipandio vya kiwanda, ngazi ya jiwe. Mwambie na jirani.

Asubuhi iliyofuata fundi alikwenda ofisi ya mji. Safari hii hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi mpaka akaitwa, akaeleza alichofanya, akataka kiandikwe kwenye ripoti mahali pa neno "uzembe". Karani alimwuliza kama anajua anajiingiza matatani. Akajibu anajua, akauliza atie sahihi wapi. Msimamizi wa kazi hakuonekana. Mhandisi tumempigia simu mara nne. Mara zote yuko kikaoni. Hao nao wana lao, na hatutawasahau. Lakini fundi alituomba leo tusimfiche nyuma yao.

Juzi alipitia kibandani na nyundo, akaanza kulivunja jukwaa kwa mikono yake. Walinzi wakamzuia, wakasema anaharibu mali ya umma. Wamefunga mlango kwa kufuli. Angalau umefungwa.

Binti anaishi naye bado. Tulimwuliza kama amemsamehe. Alitujibu, "Nampikia. Mengine sijui."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo chetu tunatoa pole kwa mume wa marehemu, kwa binti yake, kwa mdogo wake, kwa wafagiaji wenzake walioinuka alfajiri ya leo kama kawaida, na kwa wote aliowaonyesha mji wao wenyewe. Mama Ramani alivaa viatu vizuri. Alitangulia mbele. Hakuwa mzembe. Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki tujitazame. Huenda kuna kitu umekijenga, umekishona, umekiunga, umempimia mtu, na unajua kilivyo ndani. Tafuta anayekitumia umwambie. Mwambie leo, kabla hajatoka nyumbani. Huenda sasa hivi ameinama anafunga kamba za viatu, na hana shaka nawe hata kidogo.