Niliomba Homa Irudi

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Mniwie radhi nikizungukazunguka hapa mbele. Wanaonijua hapa Segese wanajua sikai kitako, na jambo hili nikilikumbuka miguu yenyewe inaondoka.

Miaka ile tulipokuwa tumehamia vijijini, mimi Kabula nilikuwa mke wa Masanja na sikuwa na mtoto. Mimba mbili zilitoka, kila moja kwa homa. Homa yenyewe ilikuwa na vituko. Inanishika, natetemeka mpaka kitanda kinalia, halafu inaniacha ghafla, narudi shambani nalima. Nikishaisahau, hii hapa tena.

Nikapata mimba ya tatu. Ilipokuwa imeshakua, homa ikaja. Masanja akanipakia kwenye baiskeli, akanifunga kwa kanga nisianguke, mpaka zahanati ya misheni. Sista akanitoboa kidole, akaitazama damu kwenye hadubini, akasema ni homa ya papasi, wale wadudu wa kwenye nyufa za nyumba za udongo, na kwamba ndiyo iliyokuwa ikinitoa mimba. Sindano alikuwa ameishiwa, akatutuma hospitali ya mjini Shinyanga.

Mjini wakapima. Damu safi, hakuna kitu! Wakanipa vidonge vya malaria, tukarudi. Homa ikarudi nayo. Sista akapima tena, akaona vijidudu tele. Tukapanda basi tena, na mjini wakasema hawaoni hata kimoja. Jamani! Damu ni ileile na mwenye damu ni mimi, sasa nimwamini nani?

Mama mkwe alikuwa na jibu lake. Alisema damu inayosema hivi kwa sista na vile kwa daktari imefungwa na mtu, nipelekwe kwa mganga nikachanjwe. Masanja naye akaanza kuyumba. Mimi nilizunguka uani kutwa nimeshika tumbo, mtoto anacheza, namwuliza Mungu, na huyu pia unamchukua? Nikamwambia Masanja anipeleke mjini mara moja ya mwisho. Nikitoka huko sina jibu, basi anipeleke anakotaka mama yake.

Majibu yakatoka: hakuna kitu. Masanja akainamisha kichwa palepale kwenye benchi. Akasema kwa uchungu, "Na siku nilikuchagulia nzuri. Nilisubiri homa ishuke ndipo nikupandishe basi."

Ndugu zangu, hapo Bwana alinifungua macho! Kwa sista nilifika nikiwaka moto, maana ni karibu. Mjini ni mbali, mgonjwa wa kutetemeka hasafirishwi, kwa hiyo nilifika siku zote nikiwa mzima. Nikarudi kwa daktari bila hata kubisha hodi, nikamweleza. Akasema, "Mama, hukukosea. Homa ikishuka, vile vijidudu hupungua kwenye damu tusivione. Sista alisema kweli, na sisi tulisema tulichoona. Lakini kwa ujauzito huu sitaki kukutibu kwa kubahatisha. Njoo na homa yako."

Tukapata pa kulala kwa mwinjilisti mmoja kule Ibadakuli, pembeni ya mji. Nikapiga magoti, nikasema kwa sauti, Bwana, irudishe homa. Masanja akanishika mkono.

"Unaomba kitu kilichoua wawili?"

"Naomba kije hapa," nikamwambia, "karibu na dawa."

Siku zikapita, haiji. Naamka najigusa shingo, baridi. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, mke wa mwinjilisti ananicheka. Moyoni nalia, maana homa ikija yaweza kuondoka na mtoto, na isipokuja narudi kwa wembe wa mganga. Sikula vizuri wala sikutulia.

Asubuhi moja napepeta mchele, baridi ikanipanda mgongoni. Mayu wane, mama yangu! Nilipiga vigelegele, ungo ukaanguka. Wenyeji wangu walidhani nimerukwa na akili. Masanja akanikimbiza hospitali meno yakigongana, wakanitoboa palepale, na mpimaji akamwita daktari aje ajionee. Vijidudu vilikuwa tele kama alivyosema sista! Nikachomwa sindano. Kwanza nilizidiwa, nikadhani ndiyo basi. Halafu jasho likatoka, homa ikaondoka moja kwa moja, na mtoto akanipiga teke ubavuni.

Alizaliwa hai, wa kiume, na wa kwanza kumpakata alikuwa mama mkwe. Nyumba ile ya nyufa tuliibomoa. Namshukuru Mungu, namshukuru sista, namshukuru na yule daktari aliyekubali kunisikiliza.

Ndugu yangu uliyeketi hapo, najua wengine mnangoja. Unasema nitakuja kwa Yesu nikishatulia, nikiacha pombe, ugomvi ukiisha nyumbani, nikijisikia mzima. Usingoje homa ishuke. Inuka, njoo hivyohivyo unavyotetemeka.