Zdravka Mindova, Aliyeokoa Mayai Bila Kung'oa Chipu

Ndugu, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia, mimi Nedko, kaka wa marehemu, nawasomea maisha ya dada yetu.

Marehemu Zdravka alizaliwa tarehe 14 Mei 1966, katika kijiji cha Smolnitsa, akiwa mtoto wa pili wa dereva wa trekta Mindo na mkewe Stana, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha shule ya ufundi Dobrich, na mwaka 1989 akahitimu uhandisi wa elektroniki huko Varna, akaajiriwa katika karakana iliyotengeneza bodi za kuongozea mashine.

Huko alishikilia jambo moja, kwamba kila bodi iachiwe pini sita pembeni, ili programu iliyomo ndani ya chipu iweze kufutwa na kuandikwa upya chipu ikiwa imelehemiwa palepale. Mkuu wake alilalamika, "Zdravka, nafasi hiyo tunamwekea nani?" naye akajibu, "Mnaniwekea mimi, siku nitakapokosea."

Siku hiyo ilikuja Jumapili, tarehe 28 Machi 1999, saa zote nchini zilipopelekwa mbele kwa saa moja kama kila mwaka, programu aliyoiandika mwenyewe ikachanganyikiwa, na mashine zote za kuangulia mayai za bwana mmoja wa Balchik, Lyuben, zilizotumia bodi hizo, zikaanza kuzidisha joto. Kung'oa chipu na kulehemu nyingine kungechukua siku kadhaa, na mayai yote yangekufa, kwa hiyo Zdravka alipanda gari na kompyuta yake na kebo, akafika kabla ya chakula cha mchana, akamkuta Lyuben akifungua na kufunga milango ya mashine kama mtu anayepepea moto.

"Dada, ukizima mashine nimekwisha," alimwambia.

"Kosa ni langu, kaka, mayai hayana hatia," Zdravka alisema. "Lakini hata kuku hushuka kiotani akanywe maji. Nipe muda huo tu."

Alizima mashine moja, akachomeka kebo kwenye pini, akafuta programu ya zamani, akaandika mpya, akaiwasha, akahamia nyingine, kila mara akingoja kwanza kuona kama feni itazunguka, na zote zilizunguka. Jumatatu ya Pasaka vifaranga wakatoka, Lyuben akamletea Zdravka boksi zima la vifaranga hadi kwake ghorofa ya tano, naye akawafuga kwenye roshani, majirani wakalalamika, na Lyuben akawa na sababu ya kuja kila wiki kuwakagua.

Walifunga ndoa tarehe 2 Oktoba 1999, wakajaliwa watoto wawili, Rayna mwaka 2001 na Kalin mwaka 2004, ambao wote walijifunza kulehemu kabla ya kujifunza kupika, kwa kuwa mama yao aliunguza kila banitsa, ile pai yetu ya jibini, aliyoitia jikoni, na alicheka kuliko waliolazimika kuila.

Mwezi Juni 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Varna, akafariki nyumbani Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Lyuben.

Tunawashukuru madaktari, hasa yule aliyejifanya haoni chupa ya kabichi ya siki, aliyokatazwa kula, chini ya kitanda cha dada, majirani waliovumilia vifaranga na baadaye wakapika zamu kwa zamu, na wafanyakazi wenzake wa karakana, waliobeba jeneza leo.

Zdravka, watoto wamefika salama kutoka Sofia, jiko tumelizima, mlango tumeufunga. Hakuna kinachokusubiri. Pumzika, dada yangu.