Sharti la Nyumba ya Dario

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate, mtaa wa Waitaliano hapa mjini Trail, moshi wa kiwanda cha madini ukiwa juu yetu tangu tukiwa watoto. Wenyewe tuko watatu: Waziri, aliyewahi kumwandikia waziri akajibiwa, Zege, aliyemwaga zege kwenye nusu ya vijia vya mji huu, na mimi, wananiita Kimya kwa kunikejeli. Asubuhi ile ya Novemba alikuja Dario, kijana wa kiwandani, akakaa katikati yetu bila hata kuvua kofia. Alinunua nyumba kule mlimani, juu ya ngazi za mtaa, ya kwanza maishani mwake, ili aoe. Serikali ikamsamehe kodi ya kuhamisha umiliki, kwa sharti kwamba akae humo mwenyewe mwaka mzima. Bibi harusi akaghairi. Sasa Dario anaishi humo peke yake, na upweke unamla waziwazi.

— Wazee wangu, nikirudi kwa mama mpaka masika, ile kodi watanidai?

— Watakudai mpaka soksi! — Waziri akadakia. — Mwaka ni mwaka. Haraka haraka haina baraka.

— Haraka gani? Mtu anarudi kwa mama yake, — Zege akasema.

— Ndiyo haraka yenyewe hiyo.

— Watajuaje lakini? — nikauliza.

— Theluji, Kimya! Wanapita na ndege. Paa lenye mtu linayeyusha. Lisiloyeyusha, wanaandika: hamna kitu humu.

Zege akacheka hadi kahawa ikamwagika.

— Ndege ya nini? Wanapima choo. Mabomba yale nimeyazika mimi, nayajua. Kuna kidude mle ndani, kinahesabu.

— Kinahesabu nini? — nikauliza.

— Wewe unadhani nini, mtu mzima?

— Basi ampe mpwa wangu ufunguo, — Waziri akasema. — Awe anapita kila asubuhi, anamsaidia.

— Watamjua! Mpwa wako anakula chakula cha watu watatu, kidude kitamtaja. Mficha uchi hazai, Waziri.

Dario akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likamtoka.

— Kodi nitaitafuta, nitalipa. Ila pale ndani nikiweka kikombe mezani, nasikia mwangwi. Naongea na jiko, wazee. Juzi nimeliambia habari za asubuhi.

— Nunua redio, — Zege akasema. — Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Oa mwingine, — akasema Waziri.

— Au fuga mbuzi, — Zege akaongeza. — Mbuzi anahesabika kama mkaazi, nimeambiwa na mtu wa uhakika.

Wakati huo Luz, binti Mfilipino aliyeanza kazi dukani wiki ile, alikuwa ametoka kukusanya vikombe. Akasimama na sinia lake.

— Samahani. Kwani hiyo nyumba ndani ikoje?

Waziri akamtazama Zege. Zege akanitazama mimi. Mimi nikatazama barabara.

— Hamjawahi kuingia?

— Si hivyo, binti yangu, — Waziri akasema, kwa sauti ya chini sasa. — Hapa kwetu nyumba mpya tunaipelekea mkate na chumvi, kuibariki. Wote, mtaa mzima. Ila desturi ni bibi harusi apokee. Mtu hawezi kwenda kabla yake, ni mkosi. Kwa hiyo tulikuwa tunamsubiri.

— Si mnasema hakuja?

— Hakuja.

— Na haji tena?

— Haji.

— Sasa mnamsubiri nani?

Zege akaanza kufuta kahawa aliyoimwaga. Nilijisikia vibaya, mzee mzima.

Dario akasimama, akafunga vifungo vya koti.

— Nilinunua viti sita, — alisema taratibu, kama mtu anayeomba radhi. — Nilijua mtakuja kwa zamu.

Akaanza kupanda ngazi. Tukamtazama mpaka alipokata kona, na hakuna aliyemwita.