Radhi Anayoitafuta Bwana Shoti

Baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na miwili, mpimaji wetu wa mishipa ya fahamu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wagonjwa humwita Bwana Shoti, kwa sababu hupitisha umeme mdogo mikononi na miguuni mwao ili kujua kama mishipa hiyo inafanya kazi sawasawa. Watoto walimkimbia mpaka alipojizoesha kujipiga shoti mwenyewe kwanza, akiruka kitini kwa makusudi ili wacheke.

Alianza na mashine iliyopata moto kama pasi; anaondoka akiwa amefundisha wapimaji wa hospitali nne. Hayo ndiyo tuliyokusudia kuyaandika. Aliposomewa aliinamisha kichwa, akataka liongezwe jambo moja, la sivyo asingehudhuria sherehe ya kumuaga.

Zamani alimpokea mwanamke fundi cherehani, aliyeamka siku iliyotangulia na ganzi ya nyayo na magoti yasiyomtii. Kipimo kilitoka karibu safi. Ni mwangwi tu wa umeme, unaopaswa kurudi kutoka uti wa mgongo, uliokosekana miguuni, naye Bwana Shoti akasema ni kwa sababu miguu ilikuwa ya baridi. Kisha, mbele ya mume na mama mkwe, akatania: "Mama, mishipa yako ni ya msichana. Kazi imekuchosha, au wewe ndiye umeichoka?" Mama mkwe alicheka hadi mlangoni.

Hazikupita siku nyingi, mgonjwa akarudishwa hawezi kuinua kijiko, akapumua kwa mashine majuma kadhaa. Ugonjwa ule huishambulia mishipa ya fahamu kwa kasi, na kipimo cha siku za mwanzo huweza kuonekana kizima. Tangu hapo, mgonjwa wa namna hiyo haondoki chumbani kwa Bwana Shoti bila kupangiwa kupimwa tena.

Lakini Bwana Shoti hakumwomba radhi yule fundi mwenyewe. Kila mama huyo alipokuja kliniki, Bwana Shoti alizunguka kwa mlango wa jikoni wasikutane. Aibu hiyo haijamtoka.

Kwa kuwa alimvunjia heshima mbele ya watu, ameona haitoshi kutubu faraghani. Amemwalika kwenye sherehe pamoja na jamaa zake walewale. Jibu limefika: "Nitakuja na fimbo yangu. Ila asogee karibu, mimi simfuati alikojificha." Basi hotuba za sifa zitasubiri, atasema yeye kwanza.

Ndugu yetu, tunakushukuru kwa utumishi wako. Mwenyezi Mungu akujaalie uzee wenye afya na utulivu, na siku hiyo akupe ulimi usiojitetea.