Kitanda cha Dirishani

Mheshimiwa Msimamizi wa mradi, ndugu wanyapara, mpishi wetu, nawe Mzee Timazi uliyetukusanya, ndugu zangu wa bwenini: wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Leo ni tarehe tisa Mei, nami nimo katika mwaka wa saba tangu niwaage watu wa nyumbani. Shule niliiacha njiani. Nikikosea maneno, nisitirini.

Tumekuja kumuaga fundi mwashi ambaye ukuta wake haujawahi kurudiwa, ndiyo maana tukamwita Timazi, kama ile kamba yenye risasi ya kupimia wima wa ukuta. Siku yangu ya kwanza kazini nilipanga tofali likakaa upande. Akaniambia, "Mwanangu, ukuta ukipinda unabomolewa. Mtu akipinda anapewa unyapara." Ndugu wanyapara, msinikodolee macho mimi, mwenye maneno yule pale, na keshakata tiketi.

Wote mnaijua desturi ya bweni letu: anayerudi kwao humchagua wa kumrithi kitanda cha dirishani. Nilipofika, aliyelala pale aliamka akiitazama bahari. Leo anatazama ukuta wa ghorofa, na ukuta huo nani aliupandisha kama si sisi? Nchi hii ndogo inakua upesi, na kukua kwake tumekuona kwa macho. Kukua kwa watoto wetu tunakuona wapi?

Jana Mzee alinichagua mimi. Na Mheshimiwa Msimamizi, kwa wema wake, ananipa unyapara na mkataba mpya wa miaka mitatu. Ni heshima kubwa, wala sisemi kwa kejeli.

Lakini likizo iliyopita, nilipoingia kwangu na sanduku, binti yangu alimvuta mama yake nguo, akauliza, "Mama, mgeni atalala wapi?"

"We! Huyu si baba yako?" mke wangu akacheka. Nami nikacheka. Swali lake nimerudi nalo mpaka hapa.

Basi Mzee wangu, nisamehe. Kitanda mpe mwenzetu tunayemwita Kinyozi, aliyelala mlangoni siku zote hizi na kukanyagwa na kila anayekwenda msalani. Mheshimiwa, mkataba mpya sitautia sahihi. Huu nilio nao nitautumikia mpaka tofali la mwisho.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunitegea sikio.

Mzee, safari njema. Njia yako inapita kwetu. Mwambie mke wangu mwezi wa kumi na mbili nitabisha hodi, na binti yangu umwambie asitandike pa mgeni.