Nani Kalivuta Shavu la Editha?

Tangu serikali ilegeze biashara, zahanati za watu binafsi zimeota Morogoro kama uyoga, na kila moja ina maneno yake kijiweni. Asubuhi hiyo, kwenye benchi la kahawa pale stendi ya Msamvu, maneno yalikuwa juu ya Editha, mtoto wa miaka sita: shavu limelegea upande mmoja, jicho halifumbi, uji unamchuruzika. Mjomba wake, Alois, alikuwa ameteremka kutoka Mkuyuni kuja kutoa neno, maana kwa Waluguru mtoto ni wa wajomba. Asiposema mjomba, mtoto haendi popote. Alikuwa kwenye kikombe cha nne. Neno bado.

— Huyo kazabwa kofi na jini, alisema Lukasi, waliyemwita Redio Mbao. Tena jini la mkono wa kushoto.

— Jini wapi! Abasi muuza kahawa akadakia. Mitumba hiyo! Kavaa kofia ya Mzungu aliyekufa kwa kiharusi. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?

Alois akakohoa kikubwa.

— Nyie watoto. Mimi niliyemfukuza chui kwa ufagio nawaambia: ni ukoo wa baba yake. Wivu.

— Na daktari wa zahanati kasemaje? Abasi akauliza.

— Huyo ndiye wa kumchunga! Eti mtoto kupinda uso mara nyingine ni dalili ya mwanzo ya saratani ya damu. Anataka aende Dar, atolewe damu, kisha atobolewe nyonga wavute uboho wa mfupani.

— Mumiani! Redio Mbao akaruka. Siku hizi ruksa hata damu. Wanauza chupa moja, wananunua friji moja!

— Haba na haba hujaza kibaba, Abasi akaafiki.

Alois akajisikia vizuri. Hofu yake imepata mashahidi.

Mara akatokea dada yake, Martina, Editha mgongoni.

— Shikamoo, kaka.

— Marahaba. Kaa, tunalijadili.

Hakukaa. Alimteremsha mtoto, akampandisha gauni magotini. Miguu ilijaa madoa ya zambarau, viganja vimepauka, fizi zina damu.

— Shavu mmeshalisemea. Na haya, kaka? Hajaanguka, hajachapwa. Nani kayafanya?

Redio Mbao akazama kikombeni. Abasi akapuliza makaa yaliyokwisha kuwaka. Alois alimtafuta jini, akaitafuta kofia, akawatafuta mashemeji. Hakuna aliyetosha kwenye miguu ile.

Editha akamchekea mjomba wake, kwa upande mmoja.

— Basi la Dar linaondoka saa ngapi? Alois aliuliza.

— Lile pale, linanguruma.

Akambeba mtoto, akatangulia mbio, kikombe cha Abasi bado mkononi.