Orval Zehr na Vijiko Arobaini

Marehemu Orval Emery Zehr alizaliwa tarehe 3 Novemba 1949 katika shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake, Barrow Settlement, kwenye nyanda za juu za Tug Hill, jimbo la New York. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Emery Zehr na mama Lavina. Mbele yake alikuwapo dada yake Idella, aliyezaliwa mwaka 1946, na nyuma yake mdogo wake Lyle, aliyezaliwa mwaka 1951. Familia inaomba wasifu huu usikilizwe hadi mwisho, hata na wale waliokuja kwa ajili ya chakula. Kuna neno lililobandikwa kwenye jina la marehemu kwa miaka sitini na sita, kwamba ndiye aliyemwua mdogo wake. Familia haiko tayari kumfunika nalo.

Watoto wote wa huku wanajua namna ya kuiita theluji ili shule ifungwe. Unavaa pajama iliyogeuzwa ndani nje, unatupa vipande vya barafu chooni, unalala na kijiko chini ya mto. Asubuhi unakaa kando ya redio ukisubiri jina la shule yako lisomwe katika orodha ya zilizofungwa. Jumatatu, tarehe 10 Februari 1958, watoto watatu wa Emery Zehr walifanya yote hayo isipokuwa ya barafu, kwa kuwa choo chao kilikuwa bado cha nje. Kulipokucha theluji ilikuwa imefika madirishani. Redio iliposoma jina la shule yao, Lyle alishangilia hadi akamwaga uji wake.

Saa nne asubuhi Orval na Lyle walikuwa wakichimba pango katika lundo la theluji kando ya barabara. Orval alirudi nyumbani kuchukua glavu kavu. Greda la theluji likapita, likalifukia lile pango. Dereva hakuona kitu, wala hakuna ambaye angeona. Lyle alikuwa na umri wa miaka sita.

Wiki ile mama Lavina alipokuwa akitandika vitanda alikikuta kijiko chini ya mto wa Orval. Akatoka nacho sebuleni, walipokuwa wamekaa baba, mchungaji na Idella.

"Hiki kimefikaje kitandani?" aliuliza.

Idella akasema, "Ni Orval aliyeiita theluji. Mimi nilimwambia asifanye."

Orval, mwenye miaka minane, aliangalia soksi zake. Mama yake hakumpiga. Alikiosha kile kijiko, akakirudisha kwenye droo, na tangu siku hiyo hakumwita tena Orvie, jina lake la kudekezwa.

Marehemu alisoma katika shule ya Barrow Settlement hadi mwaka 1967, akaendelea na chuo cha ualimu Potsdam, akahitimu mwezi Mei 1971. Septemba ya mwaka huo huo alirudi kwao kufundisha hesabu darasa la saba. Wengi walimshangaa. Angeweza kwenda kufundisha kusini, ambako theluji huonwa kwenye kalenda tu. Alirudi akapanga chumba, akanunua gari lenye minyororo ya magurudumu, na kila Jumapili alikaa kanisani kiti cha nyuma ya mama yake. Mama Lavina alifariki mwaka 1976. Alimwachia mwanawe wa pekee aliyebaki redio ya jikoni.

Tarehe 23 Juni 1973 marehemu alifunga ndoa na Carol Ann Moser katika kanisa hili hili tulimo. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, Noreen mwaka 1975 na Duane mwaka 1978. Alikuwa baba mpole, isipokuwa katika jambo moja. Mwaka 1982, Noreen akiwa na miaka saba, baba yake alikwenda kumtandikia kitanda akakuta kijiko chini ya mto. Hakumgombeza. Alishuka jikoni, akakusanya vijiko vyote vya nyumba, vikubwa kwa vidogo, akavifungia kwenye buti la gari. Kwa siku tatu familia ilikunywa supu kwa vikombe.

"Orval, na hiki cha kuchotea mchuzi?" mama Carol aliuliza.

"Hicho pia."

"Hakuna mtoto anayeweza kulalia upawa!"

"Nimekwambia hicho pia, Carol."

Siku ya nne alivirudisha na kuomba radhi mezani, kwanza kwa mkewe, kisha kwa binti yake. Sababu hakuisema.

Tarehe 1 Julai 1984 bodi ya shule ilimteua kuwa msimamizi mkuu wa shule zetu, na kazi hiyo aliifanya hadi tarehe 30 Juni 2010. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyeamua shule ifungwe au ifunguliwe. Hapa familia inasema wazi, kwa kuwa wahusika wamo humu na makoti yao yametundikwa pale mlangoni. Mlimchukia. Shule za jirani zilifungwa siku kumi na mbili kwa mwaka, yeye akafunga tatu au nne. Watoto wenu walimwita Bwana Fungua, na ninyi mkacheka. Mliligonga sanduku lake la barua kwa magari yenu mara tano. Februari 1994 alirudi kutoka kazini akakuta vijiko zaidi ya mia mbili vimesimikwa kwenye theluji ya uwanja wake, vya plastiki na vya chuma, na watu wazima waliokodoa macho wakiwa ndani ya magari ng'ambo ya barabara. Alivikusanya kimoja kimoja kwenye ndoo. Vya chuma alivipeleka jikoni mwa kanisa. Mtakaposhuka kula viazi vya jibini baada ya ibada hii, huenda mkashika kile mlichomchomekea.

Siku moja katika duka la pembejeo msichana mdogo alisimama mbele yake.

"Wewe ndiye Bwana Fungua?"

"Ndiyo mimi."

"Bibi yangu anasema una moyo wa jiwe."

"Mwambie bibi yako salamu zimefika. Kofia yako iko wapi?"

Na katika mkutano wa bodi wa Machi 1994, ambapo watu tisini walitia saini aondolewe, mfugaji mmoja aliinuka na kumnyooshea kidole.

"Unataka watoto wetu wafie barabarani, Zehr? Ndicho unachongoja?"

Marehemu alijibu bila kupaza sauti. "Wakiwa ndani ya basi nawajua ni wangapi na wamekaa wapi. Wakiwa majumbani mwenu siwaoni."

Ukumbi ulimzomea. Hakuna aliyemwuliza anamaanisha nini, ingawa katika safu ya mbele walikaa wazee wanne waliolibeba jeneza la Lyle. Lakini kila palipoanguka theluji, saa kumi alfajiri Orval Zehr alikuwa barabarani na gari lake, akipita njia zote kumi na moja za mabasi, akishuka kwenye kila kilima kupima utelezi kwa viatu vyake mwenyewe. Miaka ishirini na sita, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeumia katika basi lake. Kwa hilo hamkutia saini.

Februari 1985, mwaka wake wa kwanza katika wadhifa huo, ilifika bahasha kutoka Utica, alikoolewa dada yake Idella. Ndani hapakuwa na barua. Palikuwa na kijiko kimoja tu, cha bei ya chini. Februari iliyofuata kikaja kingine, na ikawa hivyo kila mwaka, siku mbili tatu kabla ya tarehe 11. Watoto wake walikua wakidhani shangazi ana ukarimu wa ajabu, na kila mwaka waliandika kadi ya kushukuru. Mama Carol alipojua maana yake alitaka kuvitupa.

"Kijiko ni kijiko," marehemu alimwambia, akakiweka kwenye droo pamoja na vingine. Uji wake wa kila asubuhi aliunywa kwa vijiko vya Idella, na kabla ya kunywa alimwombea dada yake kwa jina. Vilifika thelathini na tisa.

Mwezi Septemba 2023 marehemu alianza kuumwa tumbo, na tarehe 4 Oktoba madaktari waligundua saratani ya kongosho. Alitibiwa hospitalini hadi Krismasi, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Kitanda chake kiliwekwa karibu na dirisha linaloangalia barabara. Kila greda lilipopita alihesabu kwa vidole, na hakuna aliyemwuliza anahesabu nini.

Ijumaa ya tarehe 2 Februari mwaka huu, saa nane mchana, dada yake Idella aliingia bila kubisha, akiwa na theluji mabegani. Alikuwa ameendesha gari peke yake kutoka Utica. Miaka sabini na saba. Noreen alikuwapo, akimnywesha baba yake maji, na haya aliyasikia kwa masikio yake.

"Umekonda, Orvie."

"Na wewe umezeeka."

Idella alitoa kijiko mfukoni akakilaza juu ya blanketi. Cha arobaini.

"Mwaka huu umewahi," marehemu alisema. "Bado siku tisa."

"Niliogopa sitakukuta." Dada hakukaa. "Unakumbuka nani alikupa kile kijiko?"

"Nakumbuka."

"Sema basi. Sema mbele ya mtoto wako."

Marehemu aligeukia dirisha. Ikabidi Idella aseme mwenyewe, akiwa bado amevaa koti. Siku ile ya mwaka 1958 alikuwa na mtihani wa hesabu ambao hakuusomea. Kijiko kilikuwa chake. Ndiye aliyewafundisha wadogo zake kugeuza pajama. Jioni alimpa Orval kijiko akamwambia, "Kilalie wewe, mimi mama akinikuta nacho atanichapa." Na asubuhi mama alipokwenda zizini alimwachia yeye, mkubwa, awatazame wadogo wasisogelee barabara. Alikuwa amelala kifudifudi kando ya redio, akisikiliza muziki.

"Ulijua yote haya," Idella alisema. "Uliketi pale sebuleni ukanisikia nikisema, ukaangalia soksi. Kila mwaka nilikutumia kijiko nikisema huyu mwaka huu atachoka, atanijibu, atanitukana, na yaishe. Wewe unaniletea kadi za kunishukuru! Mbona hukumwambia mama?"

"Mama alikuwa ameshapoteza mtoto mmoja," marehemu alisema.

Idella alikaa. Hakulia kwa namna ya watu wanaolia. Noreen aliinuka amtoe shangazi yake nje kwa mkono, na alikuwa na maneno tayari, lakini baba yake alimzuia kwa jicho.

"Mpe shangazi yako chai," alisema. "Ameendesha mbali."

Noreen aliitengeneza ile chai, na sukari aliikorogea kwa kijiko kilichokuwa juu ya blanketi, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Idella alikiona. Akanywa.

Mama huyo, Idella, yumo humu leo. Ameketi mbele, kulia, na ndiye aliyeomba yaandikwe yote, majina na tarehe, yasomwe kwa sauti. Basi yamesomwa. Orval Zehr hakumwua Lyle. Wala kijiko hakikuleta theluji, kwa kuwa theluji huiteremsha Mungu peke yake na haombwi kwa pajama. Marehemu alikuwa mzee wa kanisa na alilijua hilo kwa kichwa chake tangu ujana. Kifuani alilisikia kwa mara ya kwanza mchana ule. Siku saba zilizofuata, greda likipita hakuhesabu.

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono na redio ikisoma orodha ya shule. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Marehemu ameacha mjane, Carol Ann; binti yake Noreen; mwanawe Duane na mkewe Kristin; wajukuu watatu; na dada yake Idella. Wamemtangulia wazazi wake na mdogo wake Lyle.

Leo shule imefungwa kwa theluji ya inchi kumi na nne. Marehemu angeifungua. Kelele mnazozisikia nyuma ya kanisa ni za watoto wenu wanaoteleza kilimani. Kabla hamjashuka kula, tokeni muwahesabu.

Ardhi imeganda, kwa hiyo mwili utawekwa katika chumba cha mawe cha makaburini hadi mwezi Mei, kama kawaida yetu. Tutamzika kando ya Lyle. Shangazi Idella amesema atakuja. Familia haijaweza kumsamehe bado, na inamwomba Mungu aisaidie ifikapo Mei. Aje tu mikono mitupu.

Lala sasa, Orvie, katika amani ya Bwana. Saa kumi alfajiri hakuna tena njia ya kupima.